Pindo la Suti ya Mahafali

Baba alikuwa fundi cherehani Kariakoo, kwenye baraza la duka la vitenge. Siku nilipomwambia nimefaulu mtihani wa mwisho wa CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu, alisimamisha cherehani akawatangazia hadi wapita njia. Tangu hapo kila nikimwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, CPA."

Nilimdanganya. Nilikuwa nimefeli somo moja, la kodi, na bila hilo huwi CPA, hata kama mengine yote umeyamaliza na bosi wako ameshakusainia miaka yote ya mazoezi ya kazi. Niliogopa kumwona akihuzunika, basi. Nikajipa moyo kwamba nitalirudia kimyakimya na kufaulu kabla hajajua.

Nikalirudia, nikafeli. Mara ya pili, hivyohivyo.

Baba alinishonea suti ya kijivu ya mahafali. Aliimaliza yote isipokuwa pindo la sketi, ambalo alilipiga bandi tu, zile nyuzi nyeupe za kushikizia kwa muda. "Nitalimalizia mahafali yakikaribia," alisema. Nami nikazusha kwamba mahafali yameahirishwa. Siku moja nilimfokea mbele ya wateja: "Baba, acha kuniita hivyo!" Akainama, akaendelea kushona. Ukali ule unanichoma mpaka leo.

Alifariki ghafla kwa presha, pindo likiwa vilevile.

Mtihani uliofuata nilifaulu. Nikaenda kuchapisha matokeo kwenye steshenari iliyo jirani na baraza lake. Mwenye duka alipoiona namba yangu ya mtihani aliacha kuchapisha, akanigeukia.

"Namba hii naijua, dada," akasema. "Mzee alikuwa nayo kwenye daftari lake la vipimo. Kila matokeo yakitoka anakuja nimfungulie, tangu ile mara ya kwanza kabisa. Akishaona, ananiambia, 'Usimwambie kitu. Anasoma.'"

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki palepale dukani, nikalia bila aibu.

Rafiki wa baba, fundi mwenzake, alijitolea kulimalizia pindo. Nilikataa. Siku ya mahafali, tukiwa kwenye foleni, mwenzangu mmoja aliniinamia akaninong'oneza kwamba nyuzi zinaonekana. Nikamwambia najua. Jina langu likasomwa, likitanguliwa na CPA, watu wakapiga makofi. Nikasimama pale jukwaani, nikasema taratibu, "Shikamoo, baba."