Damu ya Madame Yaenda Beni

Kilichonitoa nyumbani ni nguruwe. Madame, nguruwe jike wa mke wangu Kavira, alikuwa na mimba na amekataa chakula, na Musienene nzima ilikwisha kunong'ona kuwa ni homa ya nguruwe, ile isiyo na dawa. Yaya Kambale, kaka yangu mkubwa, alikuwa ameshanoa kisu. Kwetu mnyama akifa mwenyewe ni hasara, akichinjwa ni nyama. Kavira alimwomba asubiri, maana tumaini lake lote lilikuwa ndani ya tumbo lile. Veterineri, daktari wa mifugo, akatoa damu, akasema Beni kuna maabara inayojibu siku ileile. Yaya alicheka. Damu ya mwaka jana ilipelekwa Kinshasa, na jibu lilirudi mbwa wameshamaliza mifupa. Hata hivyo aliahidi kungoja hadi jioni.

Asubuhi nilipanda pikipiki nyuma ya motari, dereva wake, sanduku la barafu mapajani. Butembo tulisimama kunywa chai, na mama mmoja akaniuliza samaki wangu ni bei gani.

Maboya, kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, askari aliamuru nifungue sanduku. Nikamweleza kwamba ni damu ya nguruwe mgonjwa. Alirudi nyuma, akasema kwa Kilingala, "Leka noki," yaani nipite haraka. Miaka yote ninayopita njia hii, sijawahi kuagwa bila kuombwa kitu. Ningejua, ningesafiri na damu tangu zamani.

Beni tulifika mchana. Nilitegemea mashine kubwa kama ya kusaga mahindi, kumbe inatosha mezani, kando ya kikombe cha chai cha Masika, dada wa maabara. Alinituma nje nikangoje. Sijamaliza muhogo wangu wa kuchoma, akaniita.

"Ile homa hapana," alisema. "Pengine ni minyoo, ao alikula kitu mubaya. Veterineri atamutunza, atapona."

Nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Nikampigia Kavira hapohapo mlangoni.

"Yaya yako alishamuchinja," akasema. "Tangu ulikata kona. Eti jibu ya Beni itakuya Noeli."

Njia ya kurudi sikumbuki vizuri, nilikuwa na hasira tu. Kama ingekuwa homa kweli, yaya angeshaigawa boma kwa boma pamoja na nyama.

Jioni, Musienene, sahani yangu ilikuwa imefunikwa. Yaya alinisifia ulaini wa nyama. Nilikula. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma. Kavira hakuigusa.

Nilichojifunza ni kwamba ile mashine inaishinda Kinshasa kwa mbali, lakini haijamshinda mtu aliyezoea kungoja bure. Kavira alijifunza jambo jingine, akaniambia akisugua sufuria:

"Siku ingine damu ibakie hapa. Utabeba yaya yako Beni."