Aliyeilaani Baridi

Mama mwenye duka la Waafrika pale mtaa wa Rinkeby, ughaibuni, hakuuzii unga kabla hajalifinya koti lako kwa vidole viwili, kama anayechagua kitenge. “Hili ni la baridi ya Limuru, mwanangu, hapa halifui dafu,” alimwambia Milcah alipofika kutoka Kenya, akamvika skafu yake mwenyewe. Kila asubuhi huilaani baridi kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, isije ikasingizia haikuelewa. Lakini Jumamosi hii friza iligoma ikiwa imejaa sangara. Milcah alimkuta nyuma ya duka, amewafukia samaki wote kwenye theluji, anatazama mbinguni.

“Ee Bwana,” aliomba, “yale niliyosema kuhusu baridi, usiyasikilize mpaka fundi aje Jumatatu.”