Mushahara ya Godelive na barabara ya Lubero

Asubuhi, mu mutaa ya Mususa, ukungu ilikuwa inashuka mpaka ku milango ya nyumba, na batu banapita ndani yake polepole kama mu usingizi. Godelive alipenda ile saa. Alikuwa kiné ku hopitali moja ya kadogo ya Butembo. Kazi yake ilikuwa kurudishia batu mwendo: mwenye kuvunjika muguu, mwenye kupigwa risasi, mwenye upande moja ya mwili ilikufa.

Vita ilikuwa imekata inchi vipande. Kinshasa ilikuwa mbali kama mwezi, na serikali ilisahau kulipa baganga ya mahopitali. Mwisho wa mwezi, hopitali ilikuwa inagawanyia batumishi kile bagonjwa balileta. Hiyo njo baliita prime. Ilifika ku sabuni, ku chumvi, ku mafuta ya mawese, ku unga ya mihogo. Kisha inachoka, mwezi ungali murefu. Bwana yake Paulin alikuwa mwalimu, naye alilipwa na bazazi wenye hawakukuwa na kitu.

Lakini prime haikufika Lubero hata siku moja, nauli ilikuwa inaishinda. Kule juu ku baridi, baba yake, muzee Kahongya, alikuwa analala ku kitanda. Ugonjwa ilimupiga mu shamba ya viazi, mukono na muguu ya kuume vikanyamaza.

Mara mingi, wakati Godelive anakanda muguu ya mutu, macho yake ilikuwa inafunga kidogo. Ngozi chini ya vidole inageuka ya baba yake, na kisigino yenye kupasuka, yenye udongo mweusi ndani. Anasikia hata harufu ya maharagi ku moto.

"Mama kiné, umeenda wapi?" mugonjwa anauliza.

"Niko hapa," anajibu, na mikono inaendelea.

Ule mwaka alimupokea Delphin, shofere wa kamiyo. Gari yake ilianguka karibu na Kalunguta, bega ikaharibika, hakuweza tena kushika usukani. Alikuja kila asubuhi, analia, anatukana, anarudia tena. Mu zile siku habari ilitoka Beni: shirika moja linatafuta kiné, linalipa dola, tena kila mwezi. Godelive aende kujionyesha siku ya kwanza ya juma yenye kuja, ile Jumatatu, hakuna siku ingine. Paulin akaanza kuota macho wazi: godoro, viatu ya batoto, nyama ya siku ya Mungu.

Siku ya tano ya juma Delphin akapandisha mukono juu ya kichwa, akacheka kama mutoto.

"Mama, franga sina. Kamiyo njo iko. Patron yangu anaituma Lubero, kule kwa baba yako, siku ya kwanza. Kiti ya mbele ni yako."

"Siku ya kwanza? Na kisha utarudia kwenda lini?"

"Nani anajua? Basoda na bunduki yabo banafunga ile barabara vile mutu anafunga mulango ya nyumba yake."

Siku ya Mungu, bakitoka ku misa, akamwambia Paulin.

"Beni ni mushahara, Godelive," Paulin akasema. "Mushahara!"

"Najua."

"Batoto batakula nini?"

"Kile banakulaka. Paulin, nanyoosha batu ya bengine kila siku, na baba yangu anakauka."

Paulin alitembea mbele mpaka ku nyumba. Kisha akavua koti yake, akamuvalisha. "Kule iko baridi," akasema.

Mu kamiyo, vilima vilikuja vikaenda, mikaratusi ikatoka mu mawingu na kurudi ndani. Godelive hakujua kama alilala ao aliona.

Muzee Kahongya alimutazama murefu. "Ni wewe, ao ni ndoto?"

"Ni mimi, baba. Leta mukono."

Alikaa kwake mpaka viazi mupya ikatoka mu udongo. Kila siku alikunja ile muguu na kuinyoosha, alionyesha mama yake namna ya kushika goti, alimukatalia muzee kulala. "Unaniua!" muzee alikuwa analalamika. Asubuhi moja akasimama, mama upande huu, binti upande ule, akaangalia mashamba yake ku mulango. Mukono haukuamka. Muguu iliamka.

Wakati Godelive alirudi Butembo, kazi ya Beni ilikuwa imechukuliwa na mutu mwengine. Prime ilibaki ile ile. Kuna mangaribi aliwapa batoto uji bila sukari, akawaza zile dola, na roho ikamuuma kweli, hakuficha Paulin.

Mwaka ulipogeuka, muuza mboga moja aliyetoka Lubero akasimama ku lango ya hopitali, kapu ingali ku mugongo.

"Baba yako alikuja misa kwa miguu. Peke yake, na fimbo. Alipumuzika katikati ya njia, vijana banataka kumubeba, akabafukuza!"

"Wasingya," Godelive akamushukuru kwa Kinande, "wasingya, mama." Akacheka, akaegemea ukuta, macho yenye maji. Ndani, mwanamuke mwenye nyonga ya kuvunjika alikuwa anamungojea.