Abdias na Écran ya Agence

Shemeji yangu Abdias hana kidole chenye hakijaungua. Toka utoto anashika waya kwanza, kisha njo anauliza kama courant iko ndani. Radio ya mama yake aliifungua siku ya matanga ya nyanya yake, batu banalia sebuleni, yeye iko nyuma ya mulango na kisu. Ile radio ikaanza kuimba muziki ya kucheza, katikati ya sala. Nilimukuta tayari hivyo wakati niliolewa na mukubwa yake Josaphat, na hakuna siku moja nilimusifu. Shemeji ni mutu wa kuchokozana naye tu. Ukimusifu, atakulalia kichwani.

Mimi ni Kanyere. Nauzisha tikiti pa agence ya magari ya Papa Asumani, hapa Kimemi, na Josaphat njo anaendeshaka gari kubwa ya kutoka Beni. Mwaka huu Papa Asumani akanunua écran kubwa kama televisheni, akaitundika ukutani, sababu familia za basafiri zilikuwa zinanimaliza: "Mama Kanyere, gari imefika wapi?" Donc sasa, gari ikitoka Beni, Éliakim wa bureau ya Mulekera, kulekule Beni, anaandika saa ya kutoka. Ikipita Kalunguta, Gracieuse wa pale anaandika. Ikifika barrière ya baaskari ya kuingia mujini, mutu wetu wa pale anaandika vilevile. Sisi tunasoma ku écran. Nyuma ya ile écran hakuna ordinateur ya kweli kweli. Kuko kaboîte kadogo kama pakiti ya sigara, na Abdias njo baba yake.

Kale kaboîte kamemutesa, nisiseme uongo. Mwanzo écran ilikuwa inasinzia kila mara kama mulinzi mwenye ameshiba. Akaikataza kulala. Kisha kamushale kakabakia katikati ya page, juu ya jina ya Beni, kama nzi ku sahani. Akakaficha. Courant ikikatika, na munajua vile inakatikaka huku, kaboîte kanaamuka na kuuliza kama kafungue tena page yenye ilifungwa vibaya, na hakuna clavier yenye herufi za kukajibia. Akatengeneza na hiyo. Kila mara anafika na kofia yake ya rangi ya machungwa, anavua viatu, sijui juu ya nini, anaingia chini ya meza, basafiri banacheka: "Mutaka cha uvunguni sharti ainame!" Na yeye kule chini: "Mais munataka nyinyi, kuinama nainama mimi!"

Halafu siku moja courant ikapiga vibaya, carte mémoire, akili yote ya kaboîte, ikakufa. Abdias akaleta ingine, akaandika kila kitu upya. Page ikarudi, ikajaa écran yote, safi. Akanifinyia jicho.

"Shemeji, sema aksanti."

"Aksanti uende kuidai kwa mama yako."

Toka pale magari yakaanza kuchelewa. Si mu njia, hapana: ku écran. Gari inaingia mu kiwanja, batu banashuka na mizigo yabo, écran ingali inasema haijafika Kalunguta. Tulicheka. Nilisema Gracieuse anasinzia ku kazi, nikamutukana kidogo, nikaacha.

Mpaka ile siku ya ine ya juma. Asubuhi mutu wa pikipiki akaleta habari: risasi zimelia kando ya barabara ya Beni. Réseau ya telefone ilikuwa imekufa mu muji muzima. Internet ya agence na ya bureau zake za njiani peke yake njo ilikuwa inatembea, juu inapitia ku antenne za paa. Écran iliandika: gari ya Josaphat imetoka Beni. Chini yake, Kalunguta, kitu bure, nafasi tupu. Barrière, kitu bure. Saa nane ikafika, kiwanja kitupu. Saa nane ikapita. Batu ba familia bakajaa mbele ya écran, hakuna mwenye alitaka kukaa. Chini ya meza yangu kulikuwa sahani ya Josaphat, bugali na sombe, nilikuwa nimeifunika vizuri. Niliogopa, batu ba Mungu. Niliogopa mpaka nikawa na hasira, na mutu wa kumaliziaka hasira yangu alikuwa amesimama pale na kofia yake.

"Abdias! Mukubwa yako iko mu njia, na wewe umetutundikia kipofu ku ukuta!"

Nikamutupia kandambili. Ikamupata mu mugongo. Akatoa telefone yake, akaingia ku internet ya agence, akafungua ile page. Ni yeye peke yake alijua adresse yake. Akaangalia telefone. Akaangalia écran. Akaangalia tena telefone.

"Shemeji, kuya uangalie."

Ku telefone iliandikwa: *Imepita Kalunguta.*

Ku écran: kitu bure.

"Hiyo telefone inakudanganya," nikamwambia. Sikutaka kushika furaha haraka, juu wakiniondolea kisha ningefanya nini?

Akatoa clavier mu mufuko wake, akaingia chini ya meza, akaichomeka, akafinya touche mbili pamoja. Page ikatoka ku écran. Na pale, mu pembe ya juu, tukaona kitu chenye page ilikuwa inafunika toka siku zote: saa ya kaboîte. Ilisema saa saba na nusu. Ya mukono wangu ilisema saa nane na nusu.

Abdias akajipiga kofi ku paji ya uso. "Kinshasa!"

"Kinshasa imefanya nini tena?"

"Wakati niliandika carte upya, iliniuliza saa ya muji gani. Ya Congo zilikuwa mbili tu, Kinshasa na Lubumbashi. Nikachagua Kinshasa. Si njo capitale?"

"Abdias! Mutoto wa primaire anajua siye tunatembea na saa ya Lubumbashi! Kinshasa iko nyuma yetu saa moja!"

"Najua, shemeji. Nilijua. Kidole kilikwenda pa capitale."

Donc Gracieuse hakusinzia. Aliandika gari imepita karibu saa nane. Kaboîte kakaangalia saa yake, kakaona saa nane bado, kakasema basi hii habari haijatokea, tuifiche kwanza. Habari ilikuwa imefika mbele yetu. Ilikuwa inangojea Kinshasa.

Akabadilisha. Akazima, akawasha. Écran ikawa nyeusi. Kisha page ikafunguka, misitari ikashuka mmoja mmoja. *Imetoka Beni. Imepita Kalunguta. Imefika barrière.*

"Eee Nyamuhanga!" mama moja mwenye nywele nyeupe akamuita Mungu kwa kelele, akaanza kucheza na mufuko wake ku kichwa. Nilikaa chini, pale pale ku ciment, nikalia bila haya. Kisha nikavuta ile sahani, nikamupa Abdias. "Kula, mupumbavu ya kwetu." Akakula na vidole vyake vya kuungua, hakuacha hata supu.

Gari ikaingia. Baaskari balikuwa bamefungua kila muzigo ku barrière ingine, kabla ya Kalunguta, njo maana ilichelewa. Josaphat akashuka na avoka za Kalunguta mu kikapo, na ndizi mu kinywa.

"Mbona unalia? Nani amekufa?"

"Wewe! Umekufa saa nzima, na wewe unakula ndizi!"

"Na chakula yangu?"

Nikamuonyesha Abdias. Josaphat akacheka, na mimi nikamushika shati mbele ya batu bote, mimi mwenye sishikanaka na bwana yangu hata ku harusi. Hakunitoa mukono. Alishusha mizigo na mukono moja mpaka ikaisha.

Abdias alikuwa amerudi chini ya meza kutoa clavier. Kandambili yangu alikuwa ameiweka vizuri pembeni ya viatu vyake.

"Shemeji," akasema kule chini, "na ile aksanti?"

"Wasingya, Abdias," nikamushukuru mu luga ya nyumbani kwetu. "Wasingya sana."

Kichwa chake kikagonga meza.