Wanaume Wawili Kisiwani Pweto

Asiyetaka kuamini aache, lakini haya niliyaona mwenyewe, tena mchana, na sikuwa na homa.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Mume wangu Ilunga alifanya kazi katika kiwanda cha shaba hapa Lubumbashi. Alipopata likizo tukaenda Pweto kwa yaya yake, dada mkubwa aliyekausha samaki wa kuuza. Ni mahali patulivu: ziwa, mchanga, na kisiwa kidogo chenye mapango. Ilunga alikulia pale, basi akanivusha kwa mtumbwi tukatembee.

Tulipofika alienda kuoga nyuma ya mawe. Jua likanichoma, nikaingia pangoni. Ndani nikamkuta Ilunga amekaa chini, amelowa, anatetemeka.

"Umepitia wapi?" nikamwuliza.

"Sema polepole. Iko mwingine kule inje. Ule haiko miye."

Sijajibu, nikasikia sauti ya Ilunga nje: "Mama, kuya tuende, yaya anatungojea."

Akatokea mlangoni mwa pango. Uso uleule, kovu lilelile la moto wa kiwandani. Wakatazamana. Niambie, wewe ungemchagua nani?

Yule wa ndani alikuwa analia. Nikamshika mkono, baridi kama samaki, nikamvuta mpaka mtumbwini. Mwenzake hakutuzuia. Alisimama mchangani akauliza kwa upole tu:

"Sasa miye nitarudia na nani?"

Nimeishi na yule niliyemvuta. Tumezaa watoto, hajanipiga hata kofi. Lakini habari za Pweto hazigusi, na mwili wake haupati joto hata akikaa karibu na mbabula yenye makaa.

Yaya alikuja kwetu, mtaa wa Hewa Bora, mara moja. Alikula, akamwangalia mdogo wake kwa muda mrefu, kisha akanivuta uani.

"Bavuvi banasema kule ku kisiwa kuko mwanaume analia," akaniambia. "Nilienda kusikia. Sitakuambia ni sauti ya nani."

Hakurudi tena.

Wewe unayetaka kutembea kule, nenda, ni pazuri kweli. Ila mkishuka kwenye mtumbwi msiachane hata kidogo, hata kwa kuoga. Mimi kila asubuhi namtazama mzee wangu akinywa chai, na mpaka leo sijui.