Miche Iliyokataa Kufa

"Ondoka juu ya sanduku."

"Siondoki."

"Baba watoto, nakwambia kwa heshima mara ya mwisho, ondoka nichukue shoka langu."

"Heshima ndiyo hiyo umenitolea macho? Siondoki. Kama unataka shoka, nibebe mimi na sanduku, utupeleke wote huko mlimani."

Hayo yalikuwa maneno ya binti yangu wa pili na mume wake, alasiri, ndani ya chumba chetu cha mbele ambacho watu watatu wakikaa, wa nne inabidi asimame mlangoni. Binti amejifunga kitambaa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana na chui. Mume kakalia sanduku la chuma, mikono kaiweka magotini, filimbi yake ya kazi inaning'inia kifuani. Mimi nilikuwa pembeni nachambua maharage. Maharage yenyewe nilishayachambua asubuhi, na jana pia, hata mawe yalikuwa yamekwisha, nikawa natafuta angalau mdudu wa kusalimiana naye. Maji ya kuyapikia hayakuwepo. Lakini mwanamke wa umri wangu akikaa bure kwenye ugomvi ataulizwa yuko upande gani, na mimi siku hiyo sikuwa na upande.

Ngoja nieleze tulivyofika hapo.

Binti yangu huyu tangu mdogo kitu akikipanda hakifi. Alipokuwa hajaota meno ya mbele, alichukua mwiko wangu akauchomeka nyuma ya jiko, ukatoa majani. Mwezi mzima nilikoroga chakula kwa kijiti huku mwiko wangu unatupa kivuli. Anayebisha aje, nitamwonyesha mahali. Ndiyo maana watu wakamwita Mama Hakifi kabla hata hajawa mama wa mtu.

Mradi ulipokuja na magari yake meupe, walitafuta wanawake wa kufanya kazi kwenye kitalu, na yeye alichaguliwa wa kwanza. Mtaalamu wao alikuwa kijana mpole, kofia kubwa kuliko mabega. Alitukusanya akatueleza kwamba nchi za wafadhili zina moshi mwingi mno, viwanda na magari, na kwamba miti tutakayopanda itaula huo moshi. Nikamuuliza moshi wao utapita saa ngapi juu ya mapaa yetu, ili nianue nguo. Alicheka mpaka akavua kofia. Kijana mzuri, sina ugomvi naye.

Palikuwa na kilima kitupu, na chini yake chemchemi yetu. Walitaka kilima kile kifunikwe kwa mikaratusi, maana inakua haraka. Huko kwingine walikofanya kazi, mtaalamu alisema, katika miche mitatu miwili hufa. Mbuzi, jua, mchwa, uzembe wa watu. Kwa hiyo walileta miche mara tatu ya ile waliyoihitaji, ikapandwa karibu karibu, na itakayokufa ife.

Binti yangu alirudi nyumbani siku hiyo amenuna.

"Mama, umesikia alichosema yule? Yaani ananikabidhi watoto watatu akitegemea nizike wawili!"

"Ndivyo wanavyofanya hesabu zao," nikamwambia.

"Basi hesabu hiyo si yangu."

Na kweli. Alipanda kilima na ndoo kichwani alfajiri na jioni, akimwagilia mche mmoja mmoja kwa mkebe alioutoboa matundu kwa msumari. Alifunika miche kwa nyasi jua lilipokuwa kali. Alizungushia majivu kuwafukuza mchwa. Mbuzi wangu mwenyewe alimchapa hadi leo akiona mkaratusi anainamisha kichwa kama anaomba radhi. Kitinda, mtoto wake wa mwisho, alikuwa bado mgongoni, na nasema bila kuficha kwamba miche ile ilibembelezwa kuliko yeye.

Haukufa hata mmoja. Mtaalamu alirudi, akatembea kilima kizima, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wakampiga picha binti yangu na tabasamu lake. Wanasema picha hiyo imetundikwa kwenye ofisi huko kwao, kubwa kama mlango. Mume wake, aliyekuwa fundi baiskeli, akafanywa mlinzi wa miti, akapewa buti na filimbi. Na kama shukrani, wafadhili wakatujengea zahanati, wakaweka na muuguzi.

Zahanati ile ndiyo iliyotushika shingoni. Kitinda ana kifafa. Kabla ya muuguzi kuja, tulikuwa hatumwachi karibu na jiko, na hata hivyo ana kovu la moto kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole. Muuguzi akampa vidonge, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Mtoto akaacha kuanguka. Akaanza kuruka kamba. Mimi niliruka naye, na kama mtu atakwambia nilivunjika, ni uongo, niliteguka tu.

Miti ikakua. Ikarefuka, ikawa inavuma usiku na mchana, na harufu yake nzuri kama dawa ya mafua. Na chemchemi ikaanza kupungua. Kwanza maji yalitoka manene kama mkono, baadaye kama kidole, baadaye kama chozi la mtu anayelia kinafiki. Halafu tope. Vyura wakahama, niliwaona mimi kwa macho yangu wakipita nyuma ya nyumba na watoto mgongoni, mmoja akageuka kutazama kilima mara ya mwisho.

Akaja mtaalamu wa pili, mtu mzima, akapima hiki na kile. Akasema miti imebanana mno, kila mmoja unavuta maji ya chini na chini kumekwisha. Inafaa kuondolewa miwili katika kila mitatu. Wanawake wakapiga vigelegele. Akainua mkono: hapana, inafaa, lakini haiwezekani. Kila mti pale kilimani umeshahesabiwa kwa moshi wa mtu fulani huko mbali, hata ile iliyozidi, kwa kuwa ilipatikana hai. Ukikatwa hata mmoja, makubaliano yanavunjika, na wafadhili wanaondoka na vitu vyao. Tukauliza vitu gani. Akasema vyote. Zahanati, muuguzi, dawa.

"Vumilieni, tutawaandikia wakubwa," akasema. Mpaka leo wanaandika. Sijui ni herufi gani hizo zinazochukua muda hivyo.

Sasa maji tunayafuata mtoni, unatoka kuku wakishuka na kurudi jua likiwa utosini. Na huko mtoni wanawake wana neno kwa binti yangu. "Mama Hakifi, leo unatuulia nini?" Mmoja, tena waliyesoma naye darasa moja, alimwambia usoni: "Ungekuwa mvivu kidogo tu, shoga, mvivu kama sisi, watoto wetu wangekuwa wanaoga."  Binti alirudi na ndoo nusu, na hakula siku hiyo.

Basi asubuhi ya ugomvi, mtungi ulikuwa mkavu. Binti yangu alikuwa ameshindwa kwenda mtoni, mguu umevimba. Ndipo akaamua kuchukua shoka akaikate ile miti.

"Umemwona mwanao alivyokimeza kidonge leo?" akamwambia mume wake. "Kikavu! Bila tone la maji. Kimekwama kooni, anatoa machozi, anapigapiga kifua. Nikamwambia akusanye mate ayameze. Mate yenyewe hana!"

"Nimemwona. Lakini kidonge kilikuwepo."

"Kilikuwepo!"

"Kilikuwepo, ndiyo. Kata huo mti wako, halafu uniambie kesho atameza nini. Maji na nini?"

"Atakufa kwa kiu huku ana dawa mkononi."

"Shusheni sauti," nikasema. Mtoto alikuwa kwa jirani anasukwa nywele, ndivyo tulivyodhani, na kuta za mtaa wetu zinapitisha hata kikohozi. Alikuwa hajui kwamba dawa yake imefungwa kwenye ile miti. Tulikubaliana asijue.

Binti akashusha sauti, na ikawa mbaya zaidi.

"Wewe ni mlinzi wa miti au ni baba?"

Mkwe wangu si mtu wa maneno. Aliishika filimbi, akaitazama, akaiachia.

"Sikiliza, mama watoto. Ukikata mmoja, maji hayatatoka kesho. Chemchemi itasubiri mvua, na mvua wewe unaijua. Vidonge vitakwisha kabla. Na hutakata mmoja. Mtaa mzima unakusubiri wewe uanze, wanaogopa kuanza wao. Ukiangusha mmoja, jioni haitabaki hata fimbo ya kuchungia."

"Basi nikate mimi," nikaingilia. "Mzee hafungwi. Nitasema nilikuwa natafuta kuni, nikapitiwa."

"Mama, wewe hata mwiko huuinui siku hizi."

"Siuinui kwa sababu hakuna cha kukoroga, mkwe. Nipe shoka uone."

Hakucheka mtu. Binti yangu alikaa chini sakafuni, ghafla.

"Watu wote duniani huacha miche ife," akasema. "Jua likiwaka, wanasema bahati mbaya, wanalala. Mimi nani alinituma? Nilimwacha mwanangu akilia nikaenda kuumwagilia mkaratusi. Alianguka mara ya kwanza nikiwa kilimani. Mnajua hilo? Nilikuwa kilimani naweka nyasi."

Tulijua.  Nikauvuta mguu wake uliovimba nikauweka pajani, nikawa naukanda bila mafuta.

Mkwe akainuka juu ya sanduku. Taratibu, kama limemganda. Akalifungua, akatoa shoka, akaliweka sakafuni mbele ya mkewe.

"Chukua. Sitapuliza filimbi. Lakini kabla hujapanda kilimani, kamwite mtoto umwambie wewe mwenyewe kwamba dawa imekwisha na ni nani aliyeimaliza. Mimi siwezi. Nimejaribu tangu juzi kuyapanga hayo maneno, siwezi."

Binti alilitazama shoka. Akaushika mpini, akauachia, akaushika tena. Kisha akamtazama mume wake kwa jicho ambalo sijaliona tangu siku alipomzika baba yake.

"Nitamwambia," akasema. "Nitamwambia kwamba—"

Mlango ukasukumwa. Kitinda akaingia, nywele zimesukwa nusu, nusu ziko wima, gauni limelowa hadi kifuani. Shavu moja lina tope lililoanza kukauka, na mdomo una damu pale alipojiuma. Alikuwa anaburura dumu kwa mikono miwili, na kwa jinsi lilivyokuwa likikwaruza sakafu lilikuwa na maji.

"Nimekwenda mtoni," akasema, anahema. "Nilianguka njiani, sijui nililala pale muda gani. Lakini kifuniko nilikuwa nimekikaza."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Mlikuwa mnasema nini?"

Mama yake bado alikuwa ameushika mpini wa shoka.