Siku Zake na Zangu Katika Meli Moja

Mtaa mzima humwita mume wangu Mpima, na mimi pia humwita hivyo nikiwa na hasira, yaani karibu kila siku. Miaka thelathini na moja alipima ardhi ya serikali: jua kichwani, tope magotini, mkononi daftari la jalada gumu. Kila ramani aliyoichora iliondoka ofisini na sahihi ya mkurugenzi, mtu ambaye viatu vyake havikuwahi kushika vumbi. Siku ya kustaafu wakampa saa ya ukutani, nayo haikumaliza mwaka. Nikiikumbuka nyongo hunipanda mpaka leo. Yeye alicheka tu, akaitoa betri, akaitia kwenye redio.

Mwanetu wa pekee alipokwenda kufanya kazi mbali alituachia kompyuta yake, na ndani yake mchezo wa maharamia unaochezwa mtandaoni na watu wa kila pembe. Unapewa meli, bahari ni yako. Ukitaka, winda meli za wenzako, uzizamishe, ubebe mali. Ukitaka, tembea zako uvumbue visiwa. Mwindaji na mtembezi wote wamo bahari moja, na ugomvi wote wa mchezo huo unaanzia hapo. Wetu ulianzia sebuleni, maana kompyuta ilikuwa moja na meli moja, na meli yenyewe Mpima alishaipa jina la Mke Mdogo ili anichokoze.

Tukagawana siku kama watu wazima. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zake, za kupima visiwa. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zangu, za kuwinda. Jumapili kompyuta inapumzika. Yeye akimaliza siku yake aliiacha meli imetia nanga, kamba zimekunjwa, kila kitu mahali pake. Mimi niliiacha imetobolewa ubavuni, na kesho yake alianza kwa kuziba matundu huku akiguna.

Msinione nina roho mbaya. Mimi ninakaa dirisha la malalamiko la idara ya maji. Kioo kina tundu dogo la kuongelea, na fundi aliliweka chini mno, kwa hiyo mtu lazima ainame ndipo anitukane. Kutwa ninatukanwa na watu walioinama. Maji siyafungi mimi, siyafungui mimi, ila matusi nayapokea mimi, nagonga muhuri, nasema karibu tena. Nikifika nyumbani navua viatu, nashika mizinga. Mlitaka ile hasira niipeleke wapi?

Mpima hakunilaumu. Alisema bahari isiyo na wawindaji ni dimbwi tu, na kwamba hata yeye akiona tanga kwa mbali moyo humdunda, na huo mdundo anaupenda. Sharti lake lilikuwa moja: meli ikipandisha kitambaa cheupe, niiache ipite. Mchezo wenyewe haukulazimishi. Ni heshima ya wachezaji wao kwa wao, na bila hiyo watembezi wote wangekwishahama. Nikamwambia nimesikia.

Naye alikuwa na lake moyoni. Bandari kuu ya mchezo ina ukuta wa ramani. Mtu akivipima visiwa vya eneo zima na kuifikisha ramani yake pale, inatundikwa na jina lake chini, na kila nahodha anayepita anaitumia. Visiwa vya kaskazini vilikuwa havina ramani. Tatizo ni kwamba ramani unaibeba melini, na ukizama kabla ya kufika, imepotea. Mpima akafunga kibwebwe. Wiki tisa nzima alizunguka kisiwa kimoja kimoja, akishusha kamba ya kupima kina, na kila kipimo akakiandika pia kwa penseli kwenye daftari lake la kazi, kana kwamba mkurugenzi atakuja kukagua. Nilimcheka sana kwa lile daftari. Lakini nilijua anachokitaka: ramani moja tu, hata kama ni ya mchezo, yenye jina lake yeye.

Ijumaa ya kuifikisha ramani bandari kuu nilifika kutoka kazini saa kumi na moja jioni, nikasimama nyuma ya kiti chake, mkoba bado begani. Meli kubwa ikachomoza nyuma ya mwamba. Mpima akapandisha kitambaa cheupe. Wakapiga. Akakishusha, akakipandisha tena, akidhani hawakukiona. Wakapiga tena. Mke Mdogo akaenda chini taratibu, na ramani ndani yake, na mume wangu amekaa anayatazama mapovu.

Damu ikanichemka. Nikamsukuma pembeni na kiti chake, nikashika kibodi, nikawatolea uvivu wale watu. Niliwaita mbwa koko, wezi wa jasho la wazee, watu wasiolelewa na yeyote. Nikawauliza ni mtu wa aina gani anayepiga kitambaa cheupe. Jibu lilikuja bila tusi hata moja, na chini yake majina mawili. Mpima akavaa miwani, akalisoma kwa sauti.

"Mtu huyo ni wewe. Alhamisi moja ya mwezi uliopita, mimi na mke wangu tulikuwa na ramani ya visiwa vya kaskazini, kazi ya miezi mitatu. Tulipandisha kitambaa cheupe. Mke Mdogo akatuzamisha, kisha akatuandikia: poleni, inameni mlalamike. Tangu hapo tumeacha kupima. Tunakutafuta wewe tu."

Maneno yale hakuna mtu mwingine duniani angeyaandika. Alhamisi hiyo naikumbuka. Mtu alikuwa amekunja bili yake akanitupia usoni kupitia lile tundu, na watu kwenye foleni wakacheka.

"Walipandisha kitambaa?" Mpima akaniuliza.

"Walipandisha."

"Ulikiona?"

Nilitaka kusema kulikuwa na ukungu. "Nilikiona," nikasema.

Nilimsubiri anifokee. Hakufoka, na hilo ndilo lililonikata maini. Nikafoka mimi kwa niaba yake: niliwalaani wenye mchezo, nikawalaani wale wawili na kisasi chao, nikailaani idara ya maji na fundi wake wa kioo. Nikamwambia avunje hata kikombe, ajue na yeye ana damu. Alijibu tu kwamba daftari lipo.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku yangu. Akaichukua bila kuomba, nami sikuthubutu kudai. Alichukua siku zote, zake na zangu, kwa wiki tatu. Kwa kuwa vipimo vyote vilikuwa daftarini, hakuhitaji kurudi kaskazini. Alikaa ndani ya meli mpya bandarini akaichora ramani upya, na mimi kando yake nikamsomea tarakimu: kina, umbali, kina, umbali. Nikiruka mstari ananirudisha.

Ilipokamilika, mchezo ukauliza jina la mchoraji. Mpima akanisogezea kibodi. Nikaandika jina lake haraka, na machozi karibu yanitoke. Akalifuta.

"Siyo hilo. Andika ya wale wawili."

Nikawaka. Nilimwambia miaka thelathini na moja wengine wameweka majina yao kwenye jasho lake, na leo, kwa mkono wake mwenyewe, anawapa watu asiowajua. Nilimwambia kosa ni langu, wanidai mimi, yeye hakumpiga mtu.

"Meli ni moja, Bi Mkubwa," akasema. "Aliyewazamisha ni Mke Mdogo, na hiyo ni meli yangu. Andika wewe."

Nikaandika. Niligonga kila herufi kwa hasira, na safari hii sikuwa na wa kumpelekea. Mpima akainama kwenye kioo cha kompyuta, akayakagua majina yale herufi moja moja, mara mbili, kama anavyokagua kila kitu. Akasema yako sawa, kisha akaenda kuchemsha chai.